Kuunganisha Kishikwambi na Kiwambo cha Nje katika Uhakiki wa Msamiati wa Kibajuni: Mfano wa Kisiwa cha Chula

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna kishikwambi kinavyounganishwa na kiwambo cha nje, yaani monita au televisheni, ili kundi la wasemaji liweze kuhakiki kwa pamoja orodha ya maneno ya lahaja yao. Mfano uliochukuliwa ni kisiwa cha Chula katika visiwa vya Bajuni, kusini mwa Somalia, mahali ambapo umeme ni wa kupimwa na safari ni ya chombo cha baharini. Makala yanafafanua aina za matundu na kebo, njia za kuunganisha bila waya, mahitaji ya umeme, ukubwa wa maandishi na suala la sauti. Hoja inayoendelezwa ni kwamba uamuzi unaodhaniwa kuwa wa kiufundi tu, hususani ule wa kuchagua kati ya kuakisi na kupanua kiwambo, huathiri moja kwa moja usahihi wa data ya lahaja. Aidha, makala yanapendekeza istilahi chache za Kiswahili zinazofaa katika uwanja huu.

1.0 Utangulizi

Chula ni kimojawapo cha visiwa vya Bajuni vilivyojipanga sambamba na pwani ya kusini ya Somalia, kuanzia Kisimayuu kuelekea Ras Kiamboni karibu na mpaka wa Kenya. Pamoja na Koyama na Chovai, kisiwa hiki kilikuwa miongoni mwa vile vitatu vilivyokuwa na makazi ya kudumu katika sehemu kubwa ya karne ya 20. Jina lake limeandikwa kwa namna mbalimbali. Katika maandishi ya Kiitaliano, yaliyoshamiri baada ya eneo la ng'ambo ya mto Juba kutoka mikononi mwa Waingereza mwaka 1925, linaonekana kama Ciula. Mwandiko huo unahifadhi kwa uaminifu sauti ya kwanza ya jina kwa kanuni za Kiitaliano, ingawa msomaji wa Kiswahili asiyejua kanuni hizo hulitamka ndivyo sivyo.

Watafiti waliowahi kuviandikia visiwa hivi si wengi. J. A. G. Elliot alichapisha taarifa ya ziara yake katika miaka ya 1920. Vinigi Grottanelli alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu wavuvi wa pwani hiyo mwaka 1955. Neville Chittick alipita akichunguza magofu na kuchapisha matokeo yake mwaka 1969. Kwa upande wa isimu, kazi ya Derek Nurse wa Chuo Kikuu cha Memorial, Newfoundland, ndiyo inayotegemewa zaidi, na kitabu alichoandika pamoja na Thomas Hinnebusch mwaka 1993 kuhusu historia ya lugha za Kisabaki kinakiweka Kibajuni, au Kitikuu, mahali pake miongoni mwa lahaja za kaskazini za Kiswahili.

Kuanguka kwa serikali ya Somalia mwaka 1991 kuliwatawanya wasemaji. Wengi walikimbilia Kenya, wakahifadhiwa katika kambi ya Jomvu karibu na Mombasa. Mnamo nusu ya pili ya miaka ya 1990 baadhi yao walirejeshwa visiwani kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na wengine wakaendelea na safari hadi Ulaya. Huko, na hasa Uingereza, maombi yao ya hifadhi yamekuwa yakipimwa, pamoja na mambo mengine, kwa kuchambua usemi wao: mwombaji husikilizwa ili ijulikane kama kweli matamshi na msamiati wake ni wa mtu aliyelelewa visiwani. Kwa hiyo, orodha ya maneno ya Kibajuni si jambo la rafu za maktaba pekee. Neno lililoandikwa kimakosa kuwa ndilo linalotumika Chula, au neno la Chula lililoachwa nje kwa kuwa halikufahamika, linaweza siku moja kusomwa dhidi ya mtu ambaye hana ushahidi mwingine wa kwao ila ulimi wake.

Somalia ilipokamilisha uanachama wake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2024, wasemaji wa Kibajuni na wa Chimiini cha Barawa waliingia rasmi katika eneo ambalo Kiswahili ndicho kiungo chake. Kazi ya kuhakiki msamiati wao imepata sababu ya ziada. Zana iliyo karibu zaidi na mkono wa mtafiti katika kazi hiyo ni kishikwambi, na tatizo lake la kwanza ni udogo wa kioo chake.

2.0 Nani Anayeona?

Kishikwambi kimekuwa zana ya kawaida ya kukusanyia taarifa Afrika Mashariki. Kenya ilikitumia katika sensa ya Agosti 2019, na Tanzania katika Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022, ambapo baada ya zoezi hilo vishikwambi viligawiwa kwa walimu. Katika sensa, hata hivyo, anayetazama kioo ni karani peke yake. Mhojiwa hujibu tu.

Uhakiki wa msamiati ni kazi ya aina nyingine. Mzee anatakiwa aone picha ya samaki, asikie rekodi ya mwenzake wa Koyama au wa Kisimayuu, kisha aseme kama ndivyo wanavyosema Chula. Kioo cha inchi 10 kinatosha kwa macho ya mtu mmoja au wawili. Wakiwa sita barazani, kifaa huishia mikononi mwa kijana mwenye macho makali na mazoea ya simu, naye, kwa heshima na kwa haraka yake, huwaeleza wazee anachokiona. Anapowaeleza tayari ametaja jina. Wazee huitikia, mtafiti huandika, na kilichohakikiwa ni msamiati wa kijana aliyekulia Mombasa.

Picha za samaki ndizo zinazoonyesha jambo hili waziwazi. Wabajuni ni wavuvi, na utajiri wa lahaja yao umo katika majina ya samaki, pepo, mikondo ya maji na sehemu za chombo. Wanajulikana pia kwa uvuvi wa kasa kwa kumtumia chazo, yule samaki anayeganda kwenye miili ya viumbe wakubwa: hufungwa kamba, huachiwa majini, akaganda kwenye gamba la kasa, kisha huvutwa pamoja naye. Samaki wawili wa jamii moja wanaweza kutofautishwa kwa doa moja karibu na pezi au kwa mstari wa rangi usiozidi unene wa uzi. Doa hilo halionekani kwenye picha yenye upana wa kiganja. Mzee asipoliona hutaja jina la jumla, na mtafiti huondoka akiamini kwamba lahaja haina jina mahususi.

3.0 Istilahi

Neno kishikwambi limekwisha kupata makazi, hasa Tanzania, wakati Kenya tabuleti nalo linasikika sana. Kwa sikio la msemaji, kishikwambi linakumbusha kitendo cha kushika na kitendo cha kuwamba, yaani kuvuta ngozi juu ya ngoma au kamba juu ya kitanda hadi ikaze. Kitenzi hicho ndicho kilichotupa kiwambo, kitu kilichowambwa. Makala haya yanatumia kiwambo cha nje kwa monita, televisheni au projekta yoyote inayopokea picha kutoka kwenye kifaa kingine, na kioo kwa uso wa kishikwambi chenyewe. Skrini ni neno zuri na linaeleweka kote, lakini linapotumika kwa vyote viwili maelezo huvurugika: msomaji anaambiwa aguse skrini, naye hajui ni ipi.

Sehemu ya kuchomeka kebo inaitwa tundu. Kifaa kidogo kinachobadili aina moja ya tundu kuwa nyingine ni adapta. Istilahi mbili zinazohitaji uangalifu zaidi ni kuakisi, yaani kiwambo cha nje kuonyesha kilekile kilicho kwenye kioo, na kupanua, yaani kiwambo cha nje kuwa uwanja wa pili wenye maudhui yake. Baadhi ya watumiaji husema kurusha kwa hali zote mbili. Kurusha kunaeleza kwamba picha imetoka hapa na kufika pale, lakini hakusemi kama iliyofika ni ileile. Katika kazi ya lahaja tofauti hiyo ndiyo kiini cha mambo, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 5.0.

4.0 Njia za Kuunganisha

4.1 Tundu la USB-C

Vishikwambi vingi vya sasa vina tundu la USB-C, lenye umbo la yai na linalopokea kebo upande wowote. Umbo hilo, lililotangazwa mwaka 2014, limeondoa usumbufu mmoja na kuleta mwingine. Tundu lenye umbo moja linaweza kuwa na uwezo tofauti kabisa. Katika kishikwambi kimoja linachaji na kuhamisha mafaili tu, katika kingine linatoa pia picha kwa utaratibu uitwao DisplayPort Alt Mode, ambapo baadhi ya pini 24 za tundu huachiwa kazi ya kubeba ishara ya picha. Kwa kutazama tu haiwezekani kutofautisha. Vishikwambi vya bei nafuu aghalabu havina uwezo huo, na muuzaji asiyejua huapa kwamba vinao kwa kuwa kebo imeingia.

Ipo dalili inayosaidia. Maelezo ya mtengenezaji yakisema tundu ni la USB 2.0, aghalabu kishikwambi hakitoi picha kwa njia hii, ingawa si bila ubaguzi. Yakisema ni la USB 3.1 au 3.2, inawezekana kinatoa, lakini si lazima. Uhakika hupatikana kwa kukiunganisha na kiwambo na kuona. Jaribio hilo lifanyike Mombasa, Lamu au Kisimayuu kabla ya kupanda chombo, kwa kuwa Chula hakuna duka la kurudishia adapta.

Kebo nayo ina siri yake. Ile inayouzwa pamoja na simu kwa ajili ya kuchajia aghalabu haina nyaya za kupitisha picha, ingawa ncha zake zinafanana na za kebo kamili. Mtafiti anaweza kuwa na kishikwambi sahihi na kiwambo sahihi, akakaa saa nzima akitazama weusi kwa sababu ya kebo ya chaja. Inafaa kebo kamili ifungwe uzi wa rangi ili isichanganyike na nyingine ndani ya mkoba.

Kwa televisheni, ambazo kwa kawaida zina tundu la HDMI lenye pini 19, inahitajika adapta kutoka USB-C kwenda HDMI. Adapta bora kwa kazi ya nyanjani ni ile yenye tundu la pili la kupokea chaji. Kishikwambi kina tundu moja tu, na likishikwa na kebo ya picha betri huanza kushuka bila namna ya kuijaza.

4.2 Matundu mengine

Vishikwambi vya zamani kidogo vina tundu dogo la HDMI, ambalo linafanana mno na tundu la micro-USB. Kufanana huko kumevunja matundu mengi, kwani mtu husukuma kebo isiyo yake akidhani imebana tu. Vingine vya mwanzoni mwa miaka ya 2010 vilitoa picha kupitia tundu la micro-USB kwa utaratibu wa MHL, ambao sasa umeachwa, na adapta zake ni adimu.

Kwa upande wa iPad, zenye tundu la Lightning huhitaji adapta ya Apple yenye HDMI na tundu la chaji. Zile za Pro zilianza kutumia USB-C mwaka 2018, na iPad ya kawaida ikafuata mwaka 2022.

Kishikwambi cha Android kisichotoa picha kwa njia yoyote kati ya hizi bado kina mlango mmoja. Teknolojia ya DisplayLink hubana picha na kuipitisha kama data ya kawaida ya USB hadi kwenye kifaa maalumu kinachoifumbua. Inahitaji programu yake isanikishwe mapema, mahali penye intaneti, na mwendo wa video huwa mzito. Kwa picha mnato za samaki na orodha ya maneno inatosha.

4.3 Bila waya

Kuunganisha bila waya kunavutia, na katika ukumbi wa chuo ndiyo njia ya kwanza kufikiriwa. Kisiwani hali ni nyingine. Chromecast hutegemea mtandao wa Wi-Fi unaounganisha vifaa vyote viwili, na kuiandaa huhitaji intaneti. Miracast, iliyozinduliwa mwaka 2012, haihitaji ruta wala intaneti, kwa sababu kishikwambi na televisheni huzungumza moja kwa moja. Kwa maana hiyo ingefaa zaidi visiwani, isipokuwa kwamba si vishikwambi vyote vya Android vinavyoitumia, na picha hukatika au kuchelewa pasipo sababu inayoonekana. Kuchelewa kwa nusu sekunde hakumsumbui anayetazama mpira. Kunamsumbua sana anayejaribu kuoanisha mwendo wa midomo ya msemaji na sauti anayoisikia. Waya ndio wa kutegemewa, na njia isiyo na waya ibaki akiba.

5.0 Kuakisi au Kupanua

Kishikwambi kinapounganishwa, kwa kawaida huakisi. Kila kilicho kwenye kioo huonekana kwenye kiwambo cha nje: orodha, maelezo ya pembeni, hata ujumbe wa WhatsApp unaoingia wakati kikao kinaendelea. Hili la mwisho lisichukuliwe kwa wepesi. Mtafiti wa Kibajuni anaweza kuwa na mawasiliano na watu ambao kesi zao za hifadhi hazijaamuliwa, na jina moja likijitokeza mbele ya baraza zima haliwezi kurudishwa. Kishikwambi kiwekwe katika hali ya ndege kabla ya kebo kuchomekwa, si baadaye.

Athari ya pili ya kuakisi ni ya kiisimu, nayo ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Inajulikana kuwa Kibajuni kina ch katika maneno mengi ambayo Kiswahili sanifu kina t, na v mahali pa w: vachu kwa watu, chachu kwa tatu. Orodha inayotumiwa kuhojia kwa kawaida imeandikwa kwa Kiswahili sanifu. Ikiakisiwa ukutani, wasemaji waliosoma Kenya watalisoma neno lililoandikwa kabla hawajalisema la kwao. Atakayesema watu hatakuwa amedanganya. Ameonyeshwa watu, akasema watu. Mtafiti naye, akirudi na rekodi hiyo, ataandika kwamba mabadiliko ya sauti yamekwisha kufutika Chula, wakati kilichofutika ni umakini wa kikao.

Kupanua kunatatua tatizo hili. Kiwambo cha nje huonyesha picha peke yake, na kioo cha kishikwambi, kilicho mikononi mwa mtafiti, hubaki na orodha, majibu ya visiwa vingine na nafasi ya kuandika. Baraza linaona samaki. Halioni jina lake mpaka limtaje. Baada ya majibu kurekodiwa, mwandiko huletwa kwenye kiwambo ili wote wausahihishe, na hapo ndipo kuakisi kunapofaa.

Si kila kishikwambi kinachopanua. Samsung ilianza kutoa uwezo huo kwa vishikwambi vyake kupitia DeX mwaka 2018. Kwa iPad, upanuzi kamili ulikuja mwishoni mwa mwaka 2022, tena kwa zile zenye chipu ya M pekee. Hata hivyo, programu za wasilisho kama Keynote na PowerPoint kwenye iPad huweza kuonyesha slaidi kwenye kiwambo cha nje na maelezo ya mwasilishaji kwenye kioo, hata pale kifaa chenyewe kinapoweza kuakisi tu. Kwa hiyo njia nyepesi ni kuandaa picha zote kama slaidi, neno sanifu na majibu ya visiwa vingine vikawekwa katika sehemu ya maelezo. Maandalizi hayo huchukua muda mrefu, lakini hufanyika mjini, kwa umeme wa mjini.

Kuna hatari moja ambayo kiwambo kikubwa hakiiondoi, pengine hata kinaikuza. Watu wakitazama kitu kimoja, hujibu kwa sauti moja, na sauti hiyo ni ya anayeheshimiwa zaidi. Katika jamii ya pwani si adabu kumpinga mzee hadharani kwa jambo dogo kama jina la samaki. Wanawake, ambao wana msamiati wao wa mapishi, ususi na malezi, wanaweza wasiseme neno. Vikao vya wanawake vifanywe peke yake, kifaa kikiongozwa na mwanamke, na kila mshiriki arekodiwe japo mara moja akiwa peke yake na kishikwambi, bila kiwambo.

6.0 Ukubwa wa Maandishi

Wengi huamini kwamba televisheni kubwa hukuza maandishi. Hesabu inaonyesha vinginevyo. Kiwambo cha inchi 32 ni kikubwa kuliko kioo cha inchi 10 mara tatu na kidogo kwa urefu wa herufi. Lakini anayeshika kishikwambi hukitazama kutoka sentimita 50 hivi, na aliyekaa barazani huitazama televisheni kutoka mita 2, umbali wa mara nne. Herufi imekuzwa mara tatu na kusogezwa mbali mara nne, kwa hiyo machoni pa mzee ni ndogo kuliko ilivyokuwa mkononi. Ndiyo maana vikao vingi huanza kwa furaha ya kuona televisheni imewaka na kuendelea kwa watu kusogeza mikeka mbele.

Dawa ni kuongeza ukubwa wa fonti kabla ya kikao, neno moja au mawili kwa slaidi, na picha ijaze kiwambo. Umbo nalo lizingatiwe. Televisheni nyingi zina uwiano wa 16 kwa 9, vishikwambi vingi vya Android vina 16 kwa 10, na iPad nyingi zina uwiano unaokaribia 4 kwa 3. Picha ya iPad ikiakisiwa huacha mapande mawili meusi pembeni, karibu robo ya kiwambo nzima ikipotea. Slaidi zikiandaliwa kwa uwiano wa televisheni, upotevu huo hauwapo.

Mwanga ni adui wa mchana. Chula iko kusini kidogo ya ikweta, na barazani saa nne asubuhi hakuna televisheni ya kawaida inayoonyesha rangi za samaki kwa uaminifu. Ndani ya nyumba, mgongo wa kiwambo ukielekezwa ukutani na si mlangoni, hali ni nzuri. Baada ya isha ni nzuri zaidi, lakini saa hizo betri ndiyo inayoamua.

7.0 Umeme

Televisheni ndogo zinazouzwa pamoja na sola hutumia volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, na ndizo zinazofaa. Televisheni ya kawaida ya volti 220 inahitaji inveta, ambayo hula sehemu ya umeme kabla hata picha haijatokea.

Tuseme betri ya asidi ni ya volti 12 na Ah 20. Jumla ya nishati yake ni Wh 240, lakini betri ya aina hiyo haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo inayotumika ni Wh 120. Televisheni ya inchi 24 inayokula wati 20, pamoja na kishikwambi kinachochajiwa kwa wati 10, huhitaji wati 30. Kikao kina saa 4. Kwa uzoefu wa kazi za aina hii, saa mbili ndizo zinazotumika kwa maneno na zilizobaki kwa maamkizi, kahawa na mabishano, na si vibaya, kwani mabishano hayo ndiyo yenye maneno mengi zaidi.

Kiwambo chepesi cha kubeba, cha inchi 15 hivi, kinachopokea picha na umeme kwa kebo moja ya USB-C, kinaonekana kuwa jibu la kila kitu. Kina kasoro moja: umeme wake hutoka kwenye kishikwambi. Betri ya kishikwambi ya mAh 7,000 ina takriban Wh 27. Kiwambo kikila wati 8 na kishikwambi chenyewe wati 5, kikao hakifiki saa mbili na nusu. Benki ya umeme ikichomekwa upande wa pili wa kiwambo, hali hubadilika.

Chumvi ya bahari huharibu pini za matundu kwa utu kidogo kidogo. Kebo na adapta zisafiri ndani ya mfuko usiopitisha maji, matundu yazibwe, na kisichomekwe chochote kikiwa na unyevu, kwa sababu umeme ukipita kwenye pini zenye maji ya chumvi kutu hutokea kwa siku chache.

8.0 Sauti

Kebo ya HDMI hubeba picha na sauti pamoja. Mara tu inapochomekwa, kishikwambi huhamishia sauti kwenye kiwambo. Kikiwa ni monita isiyo na spika, kikao huingia kimya na watu hudhani rekodi imepotea. Sauti irudishwe kwenye spika ya pembeni kwa mipangilio ya kifaa, au spika ichomekwe kwenye tundu la sauti la monita yenyewe pale lilipo.

Kikiwa ni televisheni, sauti ipo, lakini ubora wake ni wa kutiliwa shaka. Lahaja za kaskazini hutofautisha sauti zenye mpumuo na zisizo nao: paa la nyumba na paa mnyama havitamkwi sawa, ingawa huandikwa sawa. Mpumuo ni pumzi fupi ya masafa ya juu, na spika ndogo za televisheni, zikisaidiwa na mipangilio ya kurembesha sauti, huumeza. Wazee wakiulizwa kama msemaji wa Koyama ametamka sawa, watajibu kwa kukisia kutokana na maana. Mipangilio hiyo izimwe, na kwa maneno yanayotofautiana kwa sauti moja tu, kila msikilizaji apewe visikilizio kwa zamu. Visikilizio hivyo viwe vya waya. Vya bluetooth hubana sauti na kuichelewesha.

Kurekodi majibu ya baraza kusifanywe kwa maikrofoni ya kishikwambi kilichounganishwa. Kimewekwa karibu na kiwambo, mbali na vinywa vya wasemaji, na sauti ya rekodi inayochezwa huingia upya ndani ya rekodi mpya. Kinasa sauti cha pembeni kiwekwe katikati ya mkeka, na kila neno lianze kwa namba ya slaidi inayotajwa kwa sauti. Baadaye, mafaili yanapofunguliwa katika ELAN au Praat, programu zinazoendeshwa kwenye kompyuta na si kwenye kishikwambi, namba hizo huwezesha kila jibu kurudishwa kwenye picha yake na kwa mzee aliyelitoa, pamoja na jina la kisiwa alichozaliwa na miaka aliyoishi nje ya kisiwa hicho.